Ahadi ya Novemba

Katika mji wetu huu, jimboni Connecticut, Marekani, mtoto akifika mwaka wa mwisho wa sekondari wazazi wake hawazungumzi kitu kingine ila vyuo, tena kwa sauti ya chini kama watu waliofiwa. Nimefundisha fizikia hapa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na bado sijawazoea. Wana majumba na bustani za kukatiwa nyasi na watu wengine, lakini Oktoba ikiingia wanatetemeka kama vifaranga walionyeshewa. Nawadharau, na sioni haya kusema.

Mchezo wenyewe ni huu. Ukiomba chuo mapema, Novemba, unajibiwa kabla ya Krismasi na mlango ni mpana. Ila unaweka ahadi: wakikukubali utakwenda kwao, na maombi mengine yote utayafuta. Anatia saini mwanafunzi, anatia saini mzazi, na shule nayo inatia saini. Ukisubiri Januari pamoja na umati, jibu linakuja Machi, nafasi nyingi zimeshaliwa, lakini uko huru kulinganisha nani atakusaidia karo. Kwa hiyo mapema ni kwa wasiouliza bei. Kwenye vikao vya wazazi hawasemi hivyo. Wanasema ni kwa watoto "wenye uhakika".

Hakuna aliyekuwa na uhakika kama mwanafunzi wangu Danuta Wojcik. Alitaka kusomea ujenzi wa madaraja katika chuo cha Thornwick, basi. Baba yake, Leszek, hutengeneza mitambo ya kupashia nyumba joto. Walipokwenda kumwona Bwana Lathrop, mshauri wetu wa mambo ya vyuo, Danuta aliniomba niingie nao.

"Yaani nitie saini kwamba mtoto ataenda, halafu ndiyo waniambie bei?" Leszek aliuliza. "Mimi hata spana sinunui hivyo."

"Kuna makadirio kwenye tovuti yao, Bwana Wojcik."

"Makadirio! Mimi nikimkadiria mteja halafu nikazidisha, ananiita mwizi."

Lathrop akatabasamu lile tabasamu lake la mhudumu wa hoteli. "Basi asubiri awamu ya kawaida. Danuta ni mzuri, atapita tu."

Danuta alimtazama baba yake, akaitikia kwa kichwa. Kuomba mapema kukaishia hapo.

Aliyetia saini ya Thornwick Novemba ile alikuwa Winslow Ashcombe, kijana mpole, mvivu, ambaye alichokipenda duniani ni kuteleza kwenye theluji tu. Mama yake alikuwa amemwajiri mtaalamu wa kuwapenyeza watoto vyuoni, na mtaalamu akamwelekeza kwenye mlango mpana. Desemba Winslow akakubaliwa. Bi. Ashcombe akaleta keki shuleni, tukala.

Hapo ndipo ugonjwa wa watu hawa unapoonekana. Wewe na mimi tukipata tulichoomba tunashukuru. Bi. Ashcombe furaha ilimchachia kabla keki haijaisha. Nilimkuta kwenye maegesho akimsema mwanawe.

"Wamekukubali haraka hivyo? Basi tumejiuza rahisi!"

"Mama, si tumeshaahidi?"

"Ahadi gani, karatasi ile? Maombi yako ya kile chuo kikubwa kuliko Thornwick bado hujayafuta, sivyo? Yaache hapo hapo. Tuone tu watasemaje."

"Mama, mwalimu anatusikia."

"Huyu wa fizikia? Atamwambia nani?"

Nilimwambia Lathrop siku ileile. Akanijibu nisimletee maneno ya maegesho, na kwamba ukumbi wetu wa michezo umejengwa na akina Ashcombe. Mwoga mkubwa.

Machi chuo kikubwa kikamkubali Winslow. Haikuchukua muda, watu wa vyuo hivyo viwili wakaongea, wakagundua kijana mmoja yuko kwenye meza zote mbili. Wote wakamtema. Thornwick wakaigeukia na shule, maana saini ya Lathrop ilikuwa pale chini ikithibitisha kwamba ahadi itatimizwa. Na maombi ya Danuta yalikuwa mezani mwao wiki ileile, na sifa zake zimeandikwa na Lathrop huyohuyo. Wakamweka Danuta kwenye orodha ya kungoja.

"Wameniambia kwa sasa hawajui neno la shule yetu lina uzito gani," Lathrop alinisimulia huku akifuta miwani, kana kwamba ananieleza habari ya mvua.

Katikati ya Mei Thornwick wakampigia Danuta. Nafasi imepatikana, njoo. Msaada wa karo? Samahani, umeshagawiwa wote. Danuta akawashukuru, akakataa, akabaki na chuo cha jimbo kilichomlipia. Mimi nililia ndani ya gari langu kwa hasira.

Wiki ya mwisho ya masomo wanafunzi wanaohitimu huvaa kila mtu fulana ya chuo anachokwenda, kisha hupigwa picha kwenye ngazi za shule. Picha hiyo huwekwa kwenye kijitabu cha kuvutia wazazi wapya. Winslow hakuja. Danuta alikuja na fulana ya chuo cha jimbo. Lathrop akamfuata mbio na fulana mpya yenye rangi za Thornwick.

"Danuta, mwanangu, vaa hii. Kwa picha tu. Ulikubaliwa, si uongo! Mwaka huu hatuna mwingine wa Thornwick."

Danuta akaipokea, akaikunjua, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaingiza mkono ndani akawa anapapasa.

"Unatafuta nini?" Lathrop akauliza.

"Karo."

Akamrudishia fulana yake, akapanda ngazi, akasimama na wenzake kupigwa picha.