Ripoti ya Ukaguzi wa Nyika ya Saba

1.

RIPOTI YA UKAGUZI WA ENEO

Eneo: Nyika ya Saba, yote, kutoka lango la mashariki hadi mwisho wa magharibi.
Namna ya ukaguzi: kwa miguu. Hakuna farasi, hakuna gari, hakuna kupigana.
Muda uliotumika: saa tatu na dakika ishirini na nne.
Nyumba zilizoonekana: 611.
Nyumba zilizofunguliwa mlango: 0.
Wakazi: hakuna.
Maoni ya mkaguzi: Waliotengeneza eneo hili walihangaika na upana wakasahau kuweka mtu. Hii si nchi. Ni ghala la milango.

Mkaguzi: M. Shemdoe, Tanga.

2.

Usihangaike kuitafuta Nyika kwenye ramani ya shule, msomaji. Ni gemu. Ina jina refu la Kizungu ambalo hakuna anayelitumia. Ukishaingia unaenda utakako, na imekuwa ikitoka sehemu baada ya sehemu kwa miaka ishirini na mitatu.

Na huyo Shemdoe ni Mbelwa Shemdoe, mtu wa miaka thelathini na tisa, mpima ardhi. Jumatatu hadi Ijumaa anapima viwanja vya watu. Jumamosi asubuhi anapima nchi ambazo hazipo. Sehemu mpya ikitoka, yeye ndiye anayeitembea kutoka mwanzo hadi mwisho huku saa ikihesabu, halafu anaandika ripoti, halafu watu mia mbili na kumi na wawili wa kundi la simu liitwalo Wakongwe wa Nyika wanajua la kusema. Ni watu wazima hawa, wana kazi na familia zao, na mmoja ana wajukuu wanne. Mpaka ripoti itoke hawana maoni, na ikitoka wanakuwa nayo kwa wingi wa kutisha.

3.

Kwa anayetaka kujua tumeporomoka kiasi gani:

Ya Kwanza: dakika 22. Tulikuwa kidato cha pili. Tuliona dunia yote imo humo.
Ya Pili: dakika 41. Mvua ikinyesha, watu wanakimbilia barazani. Tulisimama kuangalia tu.
Ya Tatu: dakika 58. Bora kuliko zote. Asiyekubali mlango uko wazi.
Ya Nne: dakika 77. Muuza samaki mmoja, sura ile ile, miji minne.
Ya Tano: dakika 95. Walileta meli, hawakuleta pa kwenda.
Ya Sita: dakika 118. Tusiizungumzie.
Ya Saba: dakika 204.

(Orodha hii imeandikwa na Mbelwa. Hiyo “sisi” ni yeye na Kilua, rafiki yake wa tangu shule.)

4.

KANUNI ZA KUNDI

Kanuni ya 1. Salamu ni mara moja kwa siku. Picha za maua na “asubuhi njema” zitafutwa.
Kanuni ya 2. Anayeisifu Nyika ya Sita atajieleza kwa maandishi.
Kanuni ya 3. Hakuna kutoa maoni kuhusu sehemu mpya kabla ripoti haijatoka.
Kanuni ya 4. Mkongwe hasikilizi utangulizi. Utangulizi ni wa wageni.

Hiyo ya nne ndiyo wanayoipenda kuliko zote. Kila Nyika huanza na mtu anayetokea kwenye kioo ili akueleze uko wapi na umefuata nini. Mkongwe humwahi. Kabla mtu huyo hajafungua midomo, kidole kimeshabonyeza kitufe cha kuruka. Wenyewe wanaita *kumfunga mdomo*, na wapo wanaojisifu kwamba tangu Nyika ya Pili hawajamsikia mhusika yeyote akimaliza sentensi yake ya kwanza.

5.

Yaliyosemwa kundini baada ya ripoti, kwa uchache:

— Nyumba mia sita na kumi na moja, mtu hata wa dawa hakuna. Wametudharau.
— Mtoto wangu wa chekechea angeweka angalau mbuzi.
— Miaka sita walikuwa wanatengeneza nini? Vitasa?
— Shemdoe umemaliza kila kitu. Mimi siichezi, nitaichukia hivi hivi.
— Tuwaandikie waraka. Ripoti iambatanishwe.
— Na majina yetu wote.
— Wote.

6.

Kilua Mndolwa ni fundi wa kutengeneza cherehani, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Yeye na Mbelwa walikalia dawati moja tangu kidato cha pili. Kilua ndiye aliyefuatana naye kwenda kuposa, na alipoona mwenzake amekwama akamalizia maneno yeye. Nyika sita walizitembea pamoja, kwa pedi moja ya kuchezea, wakipokezana kila robo saa. Ya saba ilipotoka Kilua alikuwa msibani Korogwe, kwa hiyo Mbelwa akatembea peke yake.

Kilua aliporudi aliicheza mwenyewe, kimya kimya. Siku ya nne akaandika kundini:

“Samahanini. Mimi nimekuta watu. Wengi tu. Jana nimecheza bao na mmoja.”

Akatuma na picha.

7.

*Ujumbe huu umefutwa na msimamizi.*

8.

Hoza wa Muheza, ambaye ndiye aliyelianzisha kundi na anayeandika kwa herufi kubwa hata akiuliza saa, alisema picha ile ni ya kutengeneza. Mwingine akasema Kilua amenunuliwa na Wazungu. Mwingine akauliza iweje mpimaji wa serikali asione mtu kwa saa tatu halafu fundi cherehani acheze bao. Hilo liliwachekesha sana, wakaliwekea alama za kicheko tisini na mbili.

TANGAZO LA MATOKEO YA KURA
Aondolewe: 139.
Abaki: 4.
Waliosoma wakanyamaza: waliobaki.
Utekelezaji: Shemdoe.

Kutoka ofisini kwa Mbelwa hadi barabara ya kumi na mbili ni mwendo wa dakika kumi. Namba ya Kilua anaijua kwa kichwa. Hakupiga wala hakwenda. Alibonyeza, na kundi likaandika kwa maandishi madogo ya kijivu kwamba amemwondoa Kilua, kisha wakaendelea na habari za waraka.

9.

Kutoka mwongozo wa kazi, ambao Mbelwa anaukariri mwaka wa kumi na nne sasa:

*Kabla ya kushusha kamba katika eneo lolote, mpimaji atatoa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa. Majirani wa pande zote nne wataitwa. Kipimo kilichochukuliwa bila wenyeji kuwepo hakitambuliwi.*

Mwaka jana alimrudisha mpimaji mmoja mpya kutoka Pongwe kwa kosa hilo hilo. Alimwambia, mbele ya watu, kwamba amepima majani na hakupima kiwanja.

10.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Waraka unaondoka Jumanne, mwalimu mmoja wa Arusha ameshautafsiri, na Hoza anataka picha za ile milango ili ziongeze uzito. Mbelwa akaianza Nyika ya Saba upya. Mama mmoja akatokea kwenye kioo, amekaa nyuma ya meza, langoni, daftari mbele yake.

Kidole kikabonyeza.

Mama akaendelea kuongea.

Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa kucha. Akaipiga pedi kwenye goti. Kile kitufe kilikuwa kimekufa, na usiniulize kimekufa kwa nini, maana kimebonyezwa na mtu huyo huyo tangu Nyika ya Tano. Hakuwa na pedi nyingine. Ikabidi akae asikilize.

Yule mama alimuuliza jina. Alimuuliza ametoka wapi, na huko alikotoka wamelalaje. Alimuuliza amemfuata nani, na kama atakaa au anapita. Dakika kumi na mbili. Mwanahawa, mke wake, alipita na beseni la vyombo, akasimama.

“Dakika zote hizo umemsikiliza mwanamke mpaka akamaliza,” alisema. “Mimi huwa unanipa ngapi?”

Mbelwa alikuwa amekisogelea kioo. Chini ya kioo, kwa herufi ndogo, palikuwa na maneno ambayo bila shaka yalikuwepo siku zote.

11.

TAARIFA KWA MCHEZAJI
*Atakayepita bila kujibu maswali ya langoni ataandikwa kuwa mgeni asiyejulikana. Wenyeji hawamfungulii mlango mgeni asiyejulikana.*

12.

Nyumba ya kwanza, mlango wazi. Mwanamke anapepeta.
Ya pili, wazee wawili wanabishana kuhusu mbuzi.
Ya tatu

Aliacha kuhesabu alipofika ya kumi na nne. Walikuwepo wote. Siku ile ya dakika mia mbili na nne walikuwa ndani, wamekaa kimya nyuma ya milango, wanamsubiri apite.

13.

Rasimu, zilizofutwa zote kabla ya kutumwa:

*Wadau, kuhusu ile ripoti, kuna jambo dogo la*

*Ndugu Hoza, naomba waraka usubiri kidogo kwa sababu za kiufundi ambazo*

*Kilua, mzima? Siku nyingi. Hivi pale langoni wewe ulifanya*

*Kilua*

14.

Aibu.

15.

Wewe unayesoma unajiambia, si aseme tu. Rahisi kwako. Hujawahi kuwa mtu ambaye watu mia mbili wanangoja aone ndipo nao waone. Mbelwa alijua kitakachompata. Wale hawakuwa wakiipenda Nyika tena. Walikuwa wakipenda kuidharau, na yeye ndiye aliyekuwa akiwapikia dharau hiyo kila Jumamosi, wao wakala. Nani anamshukuru mpishi anayekuja kusema chakula cha jana hakikuiva? Alijua pia, na hili lilimuuma zaidi, kwamba angekuwa Kilua ndiye aliyeandika ripoti, yeye Mbelwa angekwenda kwake siku ile ile. Au alitaka kuamini hivyo.

16.

Jumatatu, saa kumi alasiri, barabara ya kumi na mbili.

Kilua alikuwa amelaza cherehani ubavu, anaipaka mafuta. Mbelwa alibisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi na wanaonana. Kilua alimtazama, akarudi kwenye cherehani yake. Mbelwa akabaki pale kizingitini. Akaeleza yote amesimama: kitufe, yule mama, ile taarifa ya chini, mbuzi wa wale wazee. Alipomaliza aliuliza swali ambalo alitakiwa kuuliza siku kumi zilizopita, kwamba wenzake wote wamepita mbio, yeye ilikuwaje akasikiliza?

“Nilikuwa nimetoka kuzika,” Kilua alisema. “Sikuwa na haraka. Mama wa watu anaongea, nikamwacha amalize.”

“Kwa hiyo gemu ni nzuri,” Mbelwa akasema. “Tumeionea.”

“Nani kakwambia ni nzuri?”

Kilua aliweka kopo la mafuta chini. Akaanza, taratibu, kama anavyowaambia wateja ubovu wa mashine zao. Kila mwenyeji ana sentensi nne. Ukimsalimia mara ya tano anaanza upya. Yule anayecheza naye bao anakubali kufungwa kila mara. Safari yenyewe ina mwisho wa ovyo kuliko wa Nyika ya Sita. Ni mbovu, alisema, mbovu kweli kweli, na angeulizwa angewaonyesha ubovu uko wapi, mahali kwa mahali, wakaandika waraka wa kueleweka.

“Mimi nilisema kuna watu. Sikusema ni nzuri. Wewe hukuniuliza, Mbelwa. Miaka ishirini na mitatu, na hukuniuliza.”

17.

Aliandika pale pale, mbele yake, kabla moyo haujabadilika:

“Wadau, nimekosea. Niliruka utangulizi, na nyote mmeruka. Ndiyo maana milango ilifungwa. Watu wapo, nimewaona kwa macho yangu. Ripoti yangu si halali. Waraka usitumwe.”

Akatuma.

Hoza anaandika…

Watu 3 wanaandika…

Watu 17 wanaandika…

— Na wewe?
— Wamemfikia Shemdoe.
— Miaka yote tunakuamini, kumbe.
— WARAKA UNAONDOKA KESHO. JINA LAKE LITOLEWE. RIPOTI IBAKI.
— Mwenye macho yake sisi hatumhitaji, tuna ripoti.

Mbelwa alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyetua mzigo. Akampa Kilua simu. Kilua akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, akaipokea, akasoma ule ujumbe. Akapandisha juu, akausoma tena kuanzia mwanzo. Mbelwa alimsubiri aseme neno.

“Jina langu halipo,” Kilua alisema.

Akamrudishia simu. Mbelwa alipeleka kidole pale chini, mahali pa kuandikia, ameshajua sentensi yenyewe, ni fupi tu. Palikuwa na mstari mmoja wa kijivu:

*Huwezi kutuma ujumbe kwenye kundi hili kwa sababu wewe si mwanakundi tena.*