Umeme Unaoshuka Malinya

Jumatatu asubuhi pikapu ya Jescah ilikataa tena kuwaka. Ndizi zilikuwa zimeshapakiwa na kufunikwa, na soko la Kakamega halimngojei mtu. Alizungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka kwa unyonge, stata ikatoa mlio mmoja mkavu, ta, kisha kimya. Majirani walikuja kuisukuma mteremkoni bila kuitwa, maana walishazoea.

Gari lilikuwa la mumewe, Jairus, aliyekuwa akichimba dhahabu katika shimo la Mzee Shivachi hapohapo Malinya. Wakati wa mvua ya Aprili yeye na wenzake wawili hawakurudi nyumbani, na Shivachi akawaambia watu kwamba wamekimbilia machimbo ya Migori. Wiki hiyohiyo alileta tingatinga, akafukia shimo, akapasawazisha pakawa uwanja wa kupiganishia mafahali. Tangu hapo Jescah hakutulia. Akiketi, aliinuka. Akianza kupika, aliacha sufuria motoni akaenda kutazama barabara. Usiku alimtukana Jairus. Asubuhi alimpigia simu isiyopatikana.

Oduor, fundi wa umeme wa magari kule Lurambi, alikuwa ameihangaikia pikapu hiyo kwa muda mrefu. Alikwangua vichwa vya betri, akabadilisha stata, akakaza waya za athi zinazounganisha betri na bodi, akafunga swichi mpya. Kwake iliwaka kila mara. Ikilala kwa Jescah, asubuhi ilikuwa maiti.

"Mama Mitchel, hii gari haina shida," alimwambia Jescah mwishowe. "Inakataanga tu ikiwa kwako. Wacha nikuje nione pahali inalalanga."

Akaja. Alifungua boneti, akachomoa waya mmoja wa betri na kuweka taa yake ya kupimia katikati. Taa ikawaka, ilhali kila kitu garini kilikuwa kimezimwa. Kulikuwa na kitu kinachokula umeme. Alitoa fyuzi moja baada ya nyingine, taa haikuzimika. Akaufuata umeme kwa mkono, kutoka kwenye bodi hadi ringi, kutoka ringi hadi tairi, kutoka tairi hadi udongoni. Mpira haupitishi umeme, lakini Oduor alikuwa ameona magari mengi, hakubishana na umeme huo.

Alichukua bisibisi ndefu ambayo mafundi husikilizia injini, akaidunga ardhini kando ya tairi na kuweka sikio kwenye mpini.

"Kuna watu," alisema, akampisha Jescah.

Jescah alipiga magoti akasikiliza. Mtu alikohoa. Mwingine akasema, "Shika tochi vizuri." Ilikuwa sauti ya Jairus.

"Baba Mitchel?"

"Mama Mitchel! Taa zetu zimefifia tangu asubuhi. Ulipeleka gari wapi?"

"Sokoni. Shivachi alisema mko Migori."

"Migori kufanya nini? Tuko hapa. Tulikuwa tumechimba mpaka chini ya boma letu, udongo ukaanguka nyuma yetu. Shivachi alisimama huko juu akatuita kwa majina. Tukaitika sote watatu. Kisha tukasikia tingatinga."

"Na mnakula nini?"

"Hatusikii njaa."

Jescah akainuka. Jairus alikuwa mtu wa kupenda kula.

Alikwenda kwa Shivachi akiwa na udongo bado magotini. Alimkuta akinywa chai na naibu wa chifu.

"Kama anaongea, basi ni mzima, na mimi sijaua mtu," Shivachi alisema. "Kama amekufa, maiti haihitaji tochi."

Naibu wa chifu aliongeza kwamba kuchimba sasa kutaharibu uwanja, na mashindano yamekaribia. Alisema atalifikisha jambo hilo mbele, kisha akaomba sukari. Jescah akaipindua meza. Waliokota vikombe taratibu, wakaagiza chai nyingine.

Akachimba mwenyewe bomani kwa jembe, na wake wa wenzake wawili wa Jairus wakamsaidia, hadi viganja vikatoka malengelenge. Kila walipofika kina cha kiuno, mvua ilinyesha na kulijaza shimo. Chini, wanaume waliwasihi waache, kwa kuwa maji yalikuwa yakiwadondokea.

Oduor akarudi na betri ya pili. Aliifunga nyuma ya kiti, na waya wake mnene akauzika ardhini. "Hii ya mbele ni ya kuwashia gari," alimwambia. "Hii nyingine ni ya watu wako. Uichaji ukiwa safarini, jioni uirudishe kwa waya." Tangu siku hiyo pikapu iliwaka kila asubuhi kwa mguso mmoja.

Siku ya mashindano, ngoma za isukuti zilianza mapema na watu wakajaa uwanjani. Jescah hakwenda. Alizunguka boma, akafagia palipokwisha kufagiwa, kisha akapiga magoti kando ya gari na kuweka sikio kwenye bisibisi.

"Huko juu kuna kelele gani?" Jairus aliuliza. "Udongo unatuangukia."

"Mafahali wanapigana. Shivachi ndiye mgeni wa heshima. Wamempa kiti cha mbele."

Kelele za uwanjani zilipanda, zikashuka, zikapanda tena, na watu wakaanza kuimba jina la mshindi.

"Fahali wa nani ameshinda?" mmoja wa wenzake akauliza.

"Wa Shivachi."

"Yule mweusi," Jairus akasema. "Ni fahali mzuri. Mimi ndiye nilikuwa nikimkatia nyasi."

Jescah alibadilisha sikio, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa limeanza kuuma.