Batiste ni Mimi

Chuo kile cha sheria cha Marekani kilikuwa na desturi yake kali. Mwalimu hutaja jina lolote, na mwenye jina husimama akaichambua kesi mbele ya darasa zima. Aliyekuja hajasoma huhesabiwa hakuja, na ukikosa mara tatu, mtihani huufanyi.

Ondrea Batiste alikwisha kukosa mara mbili kwa ajili ya kumpeleka mama yake hospitali kusafishwa damu. Asubuhi ile alifika, lakini kesi ya siku hiyo, ya muuza farasi, hakuwa ameigusa.

"Si nilikwambia uje usome na sisi?" alinong'ona Vernell Tolliver, aliyekaa nyuma yake. Weusi darasani walikuwa hao wawili tu, na Vernell alikuwa akiwakusanya wanawake wote wasio Wazungu wasome pamoja.

"Mimi si yatima wa kukusanywa, shoga."

"Haya. Kaa na jeuri yako, labda inajua sheria."

Profesa Haldane akaingia mikono mitupu. Alijisifu kwamba wanafunzi wake wote anao kichwani.

"Bi Batiste."

Lakini macho ya mzee yalimpita Ondrea yakatua kwa Vernell. Vernell akamtazama Ondrea mara moja, akasimama, akamchambua yule muuza farasi mpaka ukabaki mfupa.

"Safi, Bi Batiste, kama kawaida yako," alisema Profesa. "Laiti na Bi Tolliver angefumbua mdomo. Tangu muhula uanze Agosti sijamsikia."

Ondrea akapigwa na bumbuwazi. Aliyekuwa akinyosha mkono na kusema kila wiki tangu Agosti ni Vernell. Maksi zake zote, basi, zilikuwa zikiingia kwa nani? Akageuka. Vernell alikuwa bado amesimama, uso umemsawijika. Alitaka kumsitiri mwenzake mara moja tu, hili la maksi hakulijua.

Kunyamaza kungemwokoa Ondrea. Akasimama.

"Profesa, Batiste ni mimi. Huyo ndiye Tolliver."

Profesa akamgeukia.

"Na kesi umeisoma?"

"Sijaisoma."

Profesa akachomoa kalamu amwandike hakuja. Hapo msichana Mnavajo, mzawa wa asili wa nchi ile, wa mstari wa mbele akainuka. "Na mimi si Quiñones, Profesa. Naitwa Yazzie."

"Quiñones ni mimi," akasema mwingine, akiinuka dirishani. "Tena ulinisifu kwa maneno yake. Nikadhani unatania."

Mzee aliwatazama wanne hao mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Kalamu akairudisha mfukoni.

"Siwezi kumwandika nisiyemjua," alisema taratibu. "Kesho, Bi Batiste. Kesi hii hii. Na Bi Tolliver, njoo ofisini, tuanze kuhesabu maksi upya."

Wote wakakaa isipokuwa Ondrea.

"Kaa, dada, unatuzibia," Vernell alimvuta shati. "Kesi nitakufundisha leo jioni."

"Nataka kukaa," alisema Ondrea. "Magoti ndiyo hayataki."