Usilizoeshe Koo

Hapana mwanangu, hicho kitambaa si cha kuchujia tui. Kiache hapo hapo kwenye kamba. Hicho ni cha mkojo wa Castory, kitinda mimba wangu, huyo unayemsikia anaguna chumbani. Daktari alisema kila akikojoa tuchuje, kijiwe kikitoka tukakioneshe. Na mara ya kwanza kilitoka kweli. Kidogo, kama chenga ya mchele, kina vimiba. Nikacheka. Nikamwambia, "Yaani mwanaume mzima umegaragara chini unamwita marehemu mama yako, kwa hiki?" Akacheka na yeye. Tulidhani yameisha.

Sasa wewe unaniuliza jiwe linaingiaje kwenye figo ya mtu. Na mimi nilimuuliza daktari hivyo hivyo, maana shule niliiachia darasa la pili. Nilidhani kala mchanga kwenye dagaa. Yule daktari, binti mdogo tu, akasema, "Babu, jiwe haliliwi. Umewahi kuchemsha maji ya kisima, sufuria ikabaki na ukoko mweupe? Ndivyo. Mwili ukikosa maji, chumvi za kwenye mkojo zinagandana." Akamgeukia Castory. "Kunywa mpaka mkojo uwe mweupe kama maji. Lita tatu kwa siku, ukiwa juani zaidi. Na chumvi ya mezani punguza. Kazini mnakunywa?"

Castory akanitazama mimi.

Maana mkonge nilimfundisha mimi. Miaka thelathini na mitano nimeukata, huku huku njia ya Pangani. Na wakataji tuna desturi yetu, tuliikuta kwa baba zetu waliokuja na kandarasi: ukiingia mstarini, ile safu ya mkonge uliyopangiwa siku hiyo, hunywi mpaka umalize. Ukinywa unalegea. Ukienda kukojoa, mwenzio kakupita, nyapara kashakuona mvivu. Castory alipoanza alikuja na kidumu cha maji. Nikamnyang'anya, mbele ya watu. "Wewe mkata mkonge au bata? Usilizoeshe koo. Ukilizoesha, litakudai." Watu walicheka siku ile! Na mimi nikaona nimelea.

Na maji yenyewe yapi? Kisima chetu cha chumvi, sabuni haitoi povu. Yale matamu yanatoka mtoni kwa bomba, yanapita hapo nyuma ya choo, ukinyamaza unayasikia, yanakwenda kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani. Mkonge unaoshwa kwa maji matamu. Mtu akichota ndoo, mwizi.

Basi likaja jiwe la pili. Picha alipigwa kituo cha afya cha Makorora. Kubwa hilo, kama punje ya hindi, limeziba njia, figo imevimba. Yule binti daktari akasema hili maji hayalitoi, na mizizi tusithubutu kumpa. Litolewe hospitali kubwa, upesi, kabla figo haijaharibika. "Na akishikwa na homa, babu, msingoje hata saa moja."

Tukatoa kadi ya bima. Haisomi.

Nikaenda ofisini kwa Wilfred, nyapara mkuu. Huyo nimembeba mgongoni, baba yake tulikata mistari jirani.

"Shikamoo, mzee Ernesti."

"Marahaba. Kadi ya mdogo wako imefungwa."

"Kaandikwa mtoro, mzee. Siku nne hakuonekana."

"Alikuwa hospitali, Wilfred."

"Mimi naelewa. Kompyuta haielewi. Mtoro kadi yake inafungwa. Akirudi mstarini siku tatu mfululizo, inafunguka yenyewe."

"Hawezi kusimama."

"Basi apone kwanza, ndiyo aje."

"Yaani apone, akate mkonge, halafu ndiyo akatibiwe?"

Akakuna kichwa. Aibu aliiona, sitamsingizia. Akatazama mlango, akashusha sauti. "Mzee, mtu wa nyumbani kwake akishika mstari wake, mimi nitaandika Castory yupo. Siku tatu. Ila mstari uishe kila siku. Ukibaki, nitaulizwa. Zaidi ya hapo sina."

Nikamwambia ahsante. Eh, nilimwambia ahsante.

Nilitaka niende mwenyewe. Kristina, mke wa Castory, akasema, "Baba, wewe hata kuni unachanja umekaa." Kweli. Basi leo alfajiri kafunga kanga kiunoni, kachukua kisu cha mumewe, kaenda. Hajawahi kukata huyo, kazi yake ni kuanika nyuzi. Umemwona hapa alivyopita bila salamu? Usimchukie. Kaingia alfajiri, saa hizi alasiri ndiyo anarudi, mikono yote miba. Lakini kaumaliza. Bado kesho na keshokutwa.

Haya, Anastazia, pakua, mdogo wako mgonjwa usimsubirishe. Na wewe mwanangu karibu mkekani, huwezi kuondoka na njaa. Ugali na mchicha, hauna chumvi, utatuvumilia. Castory, shika bega langu. Hivyo. Taratibu. Kaa ubavu huu. Lete mkono nikunawishe.

Mkono una moto.

Au ni maji, jagi lilikaa juani. Ni maji hayo. Anastazia, hebu na wewe mguse... Acha. Acha ale kwanza.

Kristina, mama, kaa na wewe. Kunywa, midomo imekupasuka. Haya nimeyachemsha mwenyewe, nimeyachuja.

Unaona? Kakisogeza kikombe kwa mumewe.

"Nisilizoeshe koo, Baba. Kesho litanidai."

Haya. Tumekaa wote? Kwa jina la Baba, na la Mwana. Tuleni.