Baba Wawili na Uzio wa Mikunga

Mfalme wa Ufaransa alitoa mto wetu kama mtu anayemgawia mgeni mtumbwi wa jirani. Sisi Wamikmaki, wenye mto huo tangu mababu, tulipata habari siku Waingereza walipokuja kung'oa uzio wetu wa kunasia mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, eti mlango wa mto uwe wazi mashua zao zipite. Majani yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu. Mikunga hushuka baharini msimu huo tu, na asiyekausha wakati huo atatafuna viatu vyake kabla barafu haijayeyuka.

Kapteni wao, Hosken, alisimika ukingoni nguzo yenye simba, alama ya mfalme wake. Mkalimani wake alikuwa Lafosi, mchuuzi wa Kifaransa aliyekula mikunga wetu miaka nenda miaka rudi. Hilo lilinichoma zaidi.

"Anasema mfalme wetu kawapa Waingereza nchi hii yote," Lafosi alisema. "Karatasi imeshatiwa saini huko ng'ambo."

Mjomba Sapatis, mkuu wetu, akamtazama. "Huyo mfalme wenu kashawahi kuvua hapa?"

"Hapana, mzee."

"Hata kuomba maji ya kunywa?"

"Mzee, usinitie matatani. Mimi natafsiri tu."

"Basi mtafsirie. Nami nimeigawa nyumba ya mama yake kapteni. Mama ahame kabla ya jioni."

Lafosi hilo akalimeza bila kulitafsiri. Hosken akatabasamu, akasema mfalme wa Uingereza ndiye baba yetu sasa, kisha akarudi ngomeni.

Kwetu baba ni anayelisha. Hamwamrishi mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, na akinyima chakula huaibishwa mbele za watu. Wazungu hawa wote walilipenda neno hilo, ila hakuna aliyeuliza lina kazi gani.

Siku chache baadaye ofisa wa Kifaransa akatokea msituni na vipipa vya baruti. Naye akasimika nguzo yake, yenye maua ya mfalme wa Ufaransa.

"Wanangu, wapigeni hao," alisema. "Tuikomboe ardhi yetu."

"Yetu sisi na nani?" nikamuuliza.

"Dada, hapa wanaongea wanaume."

"Ongeeni. Lakini baruti hailiwi."

Alipoondoka, mimi na dada zangu tukachukua mashoka. Kila siku iliyopita mikunga walikuwa wakitupita, na vigingi vipya vya kukata na kumenya magome vingetuchelewesha. Nguzo za wafalme zilikuwa za mbao nzuri, zimenyooka, zimemenywa tayari. Tukazipasua zote mbili, simba na maua, zikawa vigingi, tukausimamisha uzio upya kwenye mlango wa mto. Mikunga wakaingia.

Hosken aliporudi, uso ulimwiva.

"Anauliza nani kawaruhusu kugusa nguzo ya mfalme," Lafosi alisema.

"Baba," mjomba akajibu, huku akitafuna mkunga.

"Baba yupi, mzee?"

"Wote wawili. Wana wana njaa, baba gani atawanyima mbao?"

Safari hii Lafosi alitafsiri kila neno. Hosken akawaamuru askari waingie majini. Nikasimama mbele ya uzio, maji kiunoni.

"Mwambie ang'oe," nikamwambia Lafosi. "Ila kwanza atamke kwa sauti, watoto wasikie, kwamba baba yao amekataa kuwalisha."

Hosken akageuka, akawaashiria askari kwa mkono. Askari walinisukuma kando, wakang'oa. Mikunga tuliokwisha kuwakausha walitufikisha nusu ya baridi, na nusu ya pili tulizika watu wetu.

Mpaka leo, mtoto wa kwetu akimnyima mwenzake chakula, wenzake humwita mfalme.