Taa Iliyoitika Mwito wa Jirani

Kabla hakujapambazuka, Bibi alisikia mbu. Mlio ulikuwa mwembamba, ukipanda kama uzi unaovutwa, halafu ukakatika ghafla. Bibi akajipiga kofi la shavu, kofi la bure. Mlio ukaanza tena, na safari hii akatambua kuwa unatoka jikoni, na kwamba kila unapokatika hufuatwa na "tak!" ndogo, kama mtu anayevunja kijiti.

Akazitafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu, akaenda kuchungulia.

Mjukuu wake alikuwa ameketi sakafuni, kamera mapajani. Mbele yake palikuwa na sufuria kubwa ya shughuli, na ndani ya sufuria kulikuwa na taa ya kupigia picha, flashi, iliyofunikwa kwa taulo mbili.

"Mke mwenzangu, siku hizi unapika taa?"

Binti akaruka. "Shikamoo, Bibi. Nimekuamsha?"

"Marahaba. Si wewe, ni mbu wako huyo."

"Ni flashi, Bibi. Ikivuta nguvu kutoka kwenye betri inalia hivyo. Nimeificha humu ili mwanga usikufikie chumbani."

Bibi akaziangalia zile taulo zilivyopangwa vizuri. Watu wengi hufanya kazi zao huku wengine wamelala, lakini wanaokumbuka kufunika sufuria ni wachache.

"Na inawaka humo ndani?"

"Mara inawaka, mara inagoma. Ndiyo shida. Hii ya zamani ina jicho. Ikiona flashi nyingine imewaka, nayo inawaka. Isipoona, imekufa. Na kwa Mama Pumua siwezi kubahatisha."

Hapo hata Bibi alijua hakuna mzaha.

Mama Pumua alikuwa mkunga. Jina lake la kweli lilikuwa limesahaulika na wote isipokuwa karani wa pensheni, kwa sababu kwa miaka thelathini na nne mwanamke yeyote aliyeshikwa na uchungu katika kituo cha afya alisikia sauti moja: "Pumua, mama! Pumua!" Huyu mjukuu mwenyewe alimpokea yeye, wa miezi saba, mdogo kama kiatu, akamlaza kifuani pake siku nne akisema mtoto huyu haendi popote. Sasa kituo kilikuwa kimejenga wodi mpya ya wazazi, na walitaka picha yake iwekwe mlangoni. Tatizo ni kwamba miaka sita iliyopita ugonjwa ulimpooza upande wa kushoto wa uso. Mdomo ulishuka, jicho likawa halifumbi sawasawa, na mwanga mkali ukilipiga hutoa machozi. Tangu hapo hakuna aliyempiga picha. Hata kwenye harusi ya mwanawe alikaa nyuma ya nguzo.

Kwa mjukuu wa Bibi alikuwa amekubali, kwa masharti.

"Taa iwake mara tatu tu," alisema. "Ya nne mtapiga ukuta. Na ikinipiga kofi la uso, nachukua mkoba wangu naondoka."

Kwa hiyo asubuhi hiyo, maduka yalipofunguliwa, Bibi na mjukuu walikuwa mlangoni kwa fundi wa kamera.

Fundi alikuwa kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa waya sikioni. Alimwamkia Bibi, akavuta stuli, akaifuta kwa mkono wa shati lake kabla Bibi hajaketi. Kisha akauliza swali ambalo Bibi alilipenda sana, maana halikuhusu mfuko wa mtu.

"Unampiga nani? Anakimbia au amekaa?"

"Amekaa," mjukuu akajibu. "Ni mama mtu mzima, mwanga unamsumbua. Nataka taa itoke juu ya kamera, ikae pembeni."

Fundi akaweka vitu vitatu kwenye meza ya kioo. Cha kwanza waya mrefu uliojikunja kama mkia wa nguruwe. "Huu hauna uongo, lakini mtu akijikwaa, kamera na taa vyote chini." Cha pili kidude chenye jicho, ndugu wa ile ya kwenye sufuria. Cha tatu kilikuwa pacha wawili weusi, kila mmoja kama kiberiti. "Hizi ni triga za redio. Huyu anakaa juu ya kamera, huyu chini ya flashi. Ukibonyeza, huyu anaita, yule anasikia. Hahitaji kumwona mwenzake."

Bibi akainama. "Ngoja nielewe, mwanangu. Kuna mtoto anayeitika akikuona uso tu. Na kuna mtoto anayeitika hata kama yuko nyuma ya nyumba."

Fundi akacheka mpaka miwani ikateleza. "Bibi, miaka yote nawaeleza watu kwa maneno mia. Kesho nitatumia hayo yako."

"Basi tupe anayeitika nyuma ya nyumba."

Ilikuwapo pia triga kubwa yenye kioo, inayojipimia mwanga yenyewe, na mjukuu aliitazama kwa uchu. Fundi akairudisha kabatini kwa mkono wake. "Hiyo ni ya kufukuzana na bibi harusi. Aliyekaa kitini mpimie kwa mkono. Ukijua umbali umemaliza." Bibi akamhesabia hilo kuwa wema. Kisha wakachagua mwavuli wa kuwekwa mbele ya taa. Mmoja ulikuwa na fedha ndani, unarudisha mwanga kwa ukali. Mwingine ulikuwa mweupe mtupu, mwanga unapita ndani yake. Bibi akaweka mkono nyuma ya ule mweupe, fundi akawasha taa ya simu, na kivuli cha vidole kikatokea laini, bila kingo.

"Kama pazia la dirishani," Bibi akasema. "Huu. Huu haupigi mtu kofi."

Wakati wa kufunga vitu, fundi akaonyesha kitufe kidogo ubavuni mwa zile pacha. "Jambo moja. Hizi zinapendwa, kila mpiga picha anazo. Zote zinatoka kiwandani zikiwa chaneli ya moja. Nimewabadilishia."

"Rudisha," Bibi akasema, bila kufikiri. "Moja ndiyo mwanzo wa hesabu. Jambo jema linaanza na moja."

Fundi akamtazama mjukuu. Mjukuu akamtazama bibi yake, akatabasamu, akakibonyeza kitufe mwenyewe mpaka kikarudi kwenye moja.

Siku mbili zilizofuata nyumba iligeuka studio. Bibi aliketi kwenye kiti cha kulia chakula akiwa ndiye Mama Pumua, na mjukuu akapima kwa futi ya kushonea: kutoka mwavuli hadi shavu, kutoka kamera hadi pua. Akiwasha, anatazama, anaandika namba kiganjani, anasogeza stendi kidole kimoja. Bibi alimshonea mfuko wa mchanga wa kuzuia stendi isianguke, kwa mguu wa suruali ya marehemu babu.

"Mume wetu naye apate kazi," akasema, akikata uzi kwa meno.

"Hajawahi kusimama kimya namna hii," mjukuu akasema, na wakacheka mpaka mwavuli ukatikisika.

Bibi alimtazama alivyorudia na kurudia, mara arobaini, ili mtu mwingine amulikwe mara tatu tu. Alimkatia papai, akaliweka karibu na mkono usioshika kamera.

Siku yenyewe, Mama Pumua aliwapokea katika chumba cha zamani cha kuzalishia. Sasa kilikuwa stoo, lakini mtu alikuwa ameosha dirisha na kuweka kiti kimoja. Alivaa gauni la kazi lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Alikaa akiwa amegeuza upande wa kushoto ukutani.

"Haya, mdogo wa kiatu," akamwambia mjukuu. "Umekua, lakini bado una pupa?"

"Kidogo tu, Mama."

Mjukuu akafungua mwavuli, akapima kwa futi, akaweka suruali ya babu kwenye mguu wa stendi. Akageuka kufuta lenzi.

Taa ikawaka.

"Moja," akasema Mama Pumua.

"Sijapiga, Mama! Kamera iko chini!"

"Mimi sihesabu kidole chako. Nahesabu mwanga."

Mjukuu akakagua betri, akakaza skrubu, akaishika kamera kwa mikono miwili. Kabla hajaipandisha usoni, taa ikawaka tena. Jicho la kushoto la Mama Pumua likaanza kutiririka. Akatoa leso, akalifuta, na mkono mwingine ukashuka taratibu kwenye mkoba wake.

"Mbili."

Bibi akatazama nje ili binti asione macho yake. Ng'ambo ya ua palikuwa na ukumbi, na ukumbini wauguzi wapya walikuwa wakipigwa picha za mahafali. Bibi aliwaona wamejipanga, wakinyoosha kofia. Kioo cha ukumbi kikamulika. Na palepale, nyuma ya mgongo wake, kukasikika "tak!" hafifu, kisha mbu akalia. Safari hii mjukuu alikuwa amekwisha kuifunika flashi kwa kiganja, na mwanga haukutoka.

"Inaitika," Bibi akasema.

"Nini, Bibi?"

"Taa yetu. Inaitwa kule ukumbini, inaitika huku. Yule mpiga picha wao naye yuko kwenye moja." Akageuka, akapiga moyo konde. "Fundi alitubadilishia, nikamwambia arudishe. Kosa ni langu. Mama Pumua, usimhesabie mtoto."

Angeweza mjukuu kunyamaza, na kunyamaza kungetosha kumwangushia mzee mzigo. Lakini alisema, "Ni mimi niliyebonyeza, Bibi. Nilimsikia fundi vizuri." Na akaanza kuzitoa zile pacha ili abadilishe namba. "Niweke ngapi?"

Mkoba ulikuwa umekwisha kupanda mapajani mwa Mama Pumua. Akawatazama wote wawili, bibi na mjukuu, kila mmoja akilivuta kosa upande wake kama watu wanaogombea kulipia mgeni.

"Weka tisa," akasema.

"Kwa nini tisa, Mama?"

"Unaniuliza mimi kwa nini tisa? Wewe ulitoka saba, ukanisumbua siku nne kifuani. Leo na wewe subiri tisa, kama watoto wa watu!"

Bibi alicheka kwanza, akafuata mjukuu. Tisa ikawekwa. Wakasubiri, wote watatu wakitazama dirisha. Kioo cha ukumbi kikamulika. Taa yao, kimya. Kikamulika tena. Kimya kabisa.

"Imejifunza jina lake," Bibi akanong'ona.

Mjukuu akainua kamera. Alikuwa ameibana pumzi. Mama Pumua akamwona. Miaka thelathini na nne haifutiki kwa pensheni: akasahau ukuta, akasahau jicho, akaweka mkoba chini, akamgeukia binti uso mzima, akanyoosha kiganja.

"Pumua, mama," akasema. "Pumua."

Mjukuu akavuta pumzi, akaitoa, akabonyeza.

Mwanga ulipita kwenye mwavuli mweupe kama asubuhi inayoingia chumbani, ukamgusa bila kumgonga. Jicho la kushoto halikutoa hata tone.

"Tatu," akasema Mama Pumua, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Mjukuu akamletea kamera, akapiga goti ili aione vizuri. Pale palikuwa na mwanamke aliyenyoosha mkono, gauni limesimama mikunjo, upande mmoja wa mdomo umepanda na mwingine umeshuka, na macho yote mawili yakimtazama mtu anayehitaji kusaidiwa. Hakuna upande uliozimwa gizani. Mama Pumua aliangalia kwa muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya kioo, kwenye shavu lile la kushoto, kama anayetafuta kama lina homa.

"Huyu namfahamu," akasema mwishowe. "Nilidhani amehama."

Bibi aliokota futi ya kushonea akaikunja. Mjukuu alifunga mwavuli, akaichukua suruali ya babu kwa heshima zake zote. Walipofika mlangoni, wakasikia Mama Pumua akipenga kwenye leso, kisha sauti ile iliyowahi kuamrisha nusu ya mji kupumua.

"Nyie! Hizo mara mbili zilizopotea ni zangu, jirani kaziiba. Njooni tena Jumamosi, nyumbani kwangu, mnirudishie. Na huyo mbu wenu mje naye."