Wimbo wa Namba ya Siri

Mama Elinipendo hakuwahi kuikariri namba yake ya siri. Alipopata laini ya kupokelea ruzuku ya kaya maskini, alichagua namba ya wimbo ulioimbwa siku mumewe alipozikwa, akatanguliza sifuri zitimie tarakimu nne, basi. Akitaka kutoa fedha, alivaa miwani, akafungua kitabu cha nyimbo, akabonyeza. Wenzake pale Machame wakaona hiyo ndiyo akili, nao wakachagua zao humo humo kitabuni.

Asubuhi hiyo mkwewe Eunike alikuwa nyuma ya jiko akikata majani ya ng'ombe, mwanawe Lucky mgongoni, aliposikia akiitwa.

"Mama Lucky, hebu njoo unisomee namba ya wimbo huu. Miwani siioni, na kuna mtu ananisubiri kwenye simu."

Mtu huyo alikuwa amemwamkia vizuri, akaulizia migomba na maumivu ya miguu, kisha akasema yeye ni wa ofisi inayohakiki walengwa wa ruzuku. Asiyetaja namba yake ya siri kabla ya saa sita angeondolewa kwenye orodha. Fedha ilikuwa imeingia jana tu, na Mama Elinipendo alishakubaliana na jirani yao Yakobo amuuzie mbuzi wa maziwa.

Eunike alishika kitabu. Kwenye masomo yake ya jioni mwalimu alishawaambia kwamba hakuna ofisi inayouliza namba ya siri. Lakini utamwambiaje mama mkwe, nyumbani kwake, kwamba anadanganywa? Akafunga kitabu taratibu.

"Mama, hii usimtajie mtu. Hata mimi."

"Na nikiondolewa? Kijana mwenyewe ana adabu."

Eunike akamnong'oneza amuulize kwanza jambo ambalo mhakiki wa kweli angelijua. Mama Elinipendo akafikiri, akarudisha simu sikioni.

"Baba, ni wewe uliyekuja kwangu mwezi uliopita?"

Ndiye yeye hasa, akajibu.

"Nilikukaribisha nini?"

"Chai, mama. Ilikuwa nzuri sana."

Mama Elinipendo alicheka mpaka kuku wakatawanyika. "Aliyekuja hapa alikunywa mtori wa ndizi mabakuli mawili, akaomba na la kubebea. Rudi kwa mama yako, mwanangu, akutafutie kazi."

Akakata. Wakampigia mwenyekiti wa kamati ya ruzuku kumpa taarifa, kisha Mama Elinipendo akabadilisha namba, maana wimbo ule wa mazishi wengi waliujua. Eunike akageuka ili asione.

"Na huyo wa mgongoni?" Mama Elinipendo akalalamika. "Sasa yeye ndiye ananichungulia."

Mchana wakapita nyumba kwa nyumba kuwaonya wenzake. Kwa Bibi Rachel, Mama Elinipendo hakusubiri hata kigoda.

"Rachel, wimbo wako wa simu ni upi vile?"

Bibi Rachel akautaja palepale, tena na ubeti wa kwanza akauanzisha.

Mama Elinipendo akashika kiuno. "Haya. Umeshaibiwa. Leta simu."